Viazi vya Kuku

Mwalimu wa Mayai hakula mayai. Naanza hapo kwa sababu wengi wa kwetu Tawa walikufa bila kulijua hilo, na wachache waliolijua waliligeuza kichekesho. Nilikaa jirani naye kwa miaka mingi, ua wa minyaa ukiwa katikati yetu, na sikuwahi kumwona akitia yai mdomoni. Hata keki ya arusi aliipitisha kwa aliyeketi karibu naye akijifanya ameshiba. Na huyo huyo ndiye aliyesimama kila siku ya kliniki mbele ya wanawake wenye mimba, akiwaambia wale mayai, wale maini, wale maharagwe, na atakayewakataza wamlete kwake.

Jina alikuwa nalo, la ubatizo na la nyumbani, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa mrefu, mkavu, mwenye viatu vya kiume na mwavuli mweusi ambao hakuufungua hata jua liwake namna gani. Ule ulikuwa wa kunyooshea watu. Kanisani aliimba kwa sauti nzito iliyowapotosha wenzake, na ibada ikiisha alizunguka nyuma ya jengo kuvuta ugoro, nasi tukimsikia akipiga chafya tunajifanya ni vumbi. Hakuwa mtu wa kupendeka upesi. Ukimwambia "habari ya siku nyingi," alikujibu, "Siku hazikuwa nyingi, tulionana Jumanne."

Mimi nilikuwa fundi wa nguo pale sokoni, na sijapata kuwa na mteja msumbufu kama yule. Gauni alilirudisha mara kola inambana, mara mfuko ni mdogo. Mfuko kwake ulikuwa jambo kubwa, kwa kuwa ndimo alimobebea mayai. Nikamshonea mifuko kama ya mtu anayekwenda kuiba mahindi, na bado akasema haitoshi. Alifuga kuku wengi, na kila yai alilitikisa kwanza karibu na sikio, akalitazama juani, kisha akalizamisha kwenye sufuria ya maji. Likielea alilitupa pale pale, hata kama ni la mgeni aliyemletea zawadi na mgeni mwenyewe amesimama anaona.

Asiyetoka kwetu lazima aelezwe jambo moja. Zamani zile mwanamke akishika mimba, chakula kilipunguzwa. Mayai alikatazwa, maini alikatazwa, nyama ya mafuta alikatazwa, na katika nyumba nyingine hata maziwa. Haikuwa roho mbaya. Hospitali ilikuwa mbali, na mtoto mkubwa akikwama wakati wa kuzaliwa alikufa pamoja na mama yake. Wazee wa kike waliona mtoto mdogo anatoka kwa urahisi, wakaamua kwamba mdogo ndiye wa kutafutwa. Kwa hiyo mama alikonda kwa kupendwa, naye mtoto akazaliwa mwepesi, analia kidogo kidogo.

Mwalimu wa Mayai alisomea upishi na lishe chuoni, na kutoka huko alirudi na neno moja alilolipenda kuliko yote aliyofunzwa. Neno lenyewe lilikuwa kolini. Alisema hii kolini imo kwenye kiini cha yai, ile sehemu ya manjano, si kwenye ute. Imo kwenye maini, na kidogo kidogo kwenye maharagwe na maziwa. Mwili hujitengenezea kiasi, lakini kwa kawaida hakitoshi, na mwenye mimba ndiye hakimtoshi kabisa, kwa sababu mtoto aliye tumboni huchota bila kuomba ruhusa. Kila chembe ya mwili ina ukuta wake, na kolini ni mojawapo ya vitu vya kuujengea, na ubongo wa mtoto unajengwa kwa haraka kuliko nyumba yoyote tuliyowahi kuiona.

"Ini ni ghala," aliwaambia kina mama, akigonga mbavu zake kwa mpini wa mwavuli. "Mafuta inaingia, inaingia. Kolini ndiyo inasaidia kuitoa. Kama haiko, ghala inajaa mpaka inaharibika. Na ini haisemi. Ikianza kusema umechelewa."

Kisha aliinua mkono mmoja. "Mmeona? Nani ameinua hii mkono? Ubongo imetuma habari. Na hiyo habari inabebwa na kitu inatengenezwa na kolini. Hata kukumbuka jina ya mtoto wako ni habari inabebwa. Mjumbe akikosa, habari inabaki kwa mlango."

Siku moja mama mmoja wa mbali, mnyenyekevu, aliinua mkono akauliza huyo Kolini anaishi wapi, kwa maana angependa kumwona mwenyewe. Kliniki nzima ilicheka isipokuwa Mwalimu. Mama yule alipojifungua msichana akambatiza Kolini. Mchungaji alipouliza jina hilo liko katika kitabu gani cha Biblia, akajibiwa, "Liko kwa kliniki." Miaka yote iliyofuata, Mwalimu alipokutana na yule mama sokoni alimuuliza jambo moja tu, Kolini anaendelea aje, na uso wake ulilainika kidogo alipojibiwa.

Wala si kwamba alijua kila kitu. Mwenyewe alikiri kwamba wataalamu hawajaitangaza kolini kuwa ya lazima kwa binadamu, na kwamba mengi yaliyojulikana yalitoka kwa panya wa maabara waliooteshwa mafuta kwenye ini. Wakubwa wake walimwambia afundishe vyakula vya kujenga mwili, vya nguvu na vya kukinga, aache mengine. Alivifundisha hivyo vitatu upesi upesi, kama mtu anayesoma matangazo ya kanisa, halafu akarudi kwenye kolini yake.

Mimba ya kumzaa binti yangu Mumbua ilinikuta nikiishi boma moja na mama mkwe. Mama mkwe alinipenda, na kwa hiyo alinilinda vikali. Siku moja alinikuta nimeshika yai, nalipangusa tu, akalichukua mkononi mwangu. "Wewe unataka kuzaa ndovu?" akaniuliza. "Na nani atakushika ikikwama? Mimi na hii mikono?" Alikuwa na mikono iliyopinda kwa baridi yabisi, masikini, na aliitazama huku machozi yakimlengalenga.

Nilimpelekea Mwalimu habari hiyo nikitaraji aje kugombana. Hakuja. Alisema kugombana na mama mkwe wa mtu ni upuuzi, yeye alishajaribu. Akanifundisha njia aliyowafundisha wanawake wengi kabla yangu, nami nikajua kwa nini wenzangu sokoni walikuwa wakiulizana kama viazi vimeiva huku hakuna aliyepanda viazi.

"Sikuambii udanganye," alisema. "Ukiulizwa umekula nini, sema kiazi. Ya kuku usiseme."

Basi kila jioni nilichukua kigae nikavuka ua kwenda kuomba moto. Mwalimu alikuwa amelichemsha yai, amelimenya, na maganda ameyafukia kwenye majivu. Nililila nimesimama nyuma ya jiko lake, na muda wote huo alinipa mgongo akitazama minyaa. Nilidhani ni adabu. Mara nyingine hofu ilinishika, nikamkumbuka mama mkwe na mikono yake, tonge likagoma kooni. Hapo Mwalimu alisema bila kugeuka, "Meza." Nikameza, nikajaza makaa kwenye kigae, nikarudi nyumbani. Mama mkwe hakuwa mjinga. "Hii moto yetu," alisema jioni moja, "siku hizi inazimika namna gani, na hata mvua hakuna?"

Kila mwanamke aliyekula viazi vile alifungwa kwa sharti moja, na hapo Mwalimu hakuwa na mzaha hata chembe. "Ukila kwangu, uzalie hospitali. Kama unaona hutafika hospitali, sema sasa, nisikupe." Miezi yangu ilipokaribia kutimia alikuja mwenyewe kumwambia mume wangu anipeleke nikakae kwa dada yangu aliyeishi karibu na hospitali. Mume wangu alipouliza haraka ni ya nini, alimnyooshea mwavuli kifuani. Nilikwenda, na Mumbua akazaliwa salama, mzito, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Mama mkwe alimpokea, akampima kwa mikono yake iliyopinda, akanitazama muda mrefu. "Hiki si kiazi," akasema. Hakulitaja tena.

Mwalimu alikuja kumwona mtoto akasimama mlangoni. Mikono aliitia mfukoni. "Ana kichwa kizuri," alisema, kisha akaenda zake. Nilikasirika sana. Hata kliniki wanawake walikuwa wamelisema hilo, kwamba Mwalimu hashiki mtoto wa mtu. Ukimpa, anarudi nyuma hatua moja na kukuambia umfunike. Tulisema ana maringo, tulisema tasa huwa hivyo, tulisema mengi ambayo sasa yananiuma kuyakumbuka.

Aliyonisimulia kuhusu Nuu, kijiji cha mbali na kwetu, alinisimulia nikimpima gauni, mdomo wangu umejaa pini. Pengine aliichagua siku hiyo kwa sababu hiyo hiyo. Alisema aliwahi kuolewa huko Nuu, alipotoka tu chuoni, kichwa kimejaa elimu. Aliposhika mimba alikula mayai hadharani, mbele ya mama mkwe, mezani, akilipasua ganda kwa kelele makusudi ili somo lisikike.

"Mtoto alikuwa mkubwa," alisema. "Akakwama. Lori ilipatikana, lakini mto ulikuwa umejaa. Tukangoja maji ipungue. Nilikuwa nyuma ya lori, naona maji, naona na upande wa pili watu wamesimama wakitutazama. Alikuwa mvulana. Walinionyesha." Akainua mkono ili nipime ubavu. "Mama mkwe aliniambia maneno mawili tu. Mayai yako."

Nilizitema pini mkononi. "Mwalimu, si mayai. Ni mto."

"Najua ni mto," alisema. "Nafundisha kila wiki kwamba ni mto. Lakini mdomo haijui." Kisha akaniambia mfuko wa kushoto bado ni mdogo, niuongeze.

Nimelifikiria neno hilo kuliko mahubiri mengi niliyosikia. Alisimama mbele ya wanawake miaka yote ile akitetea kitu ambacho koo lake lilikuwa limekihukumu. Wala hakuwa akiigiza. Aliamini alichofundisha, na bado kila yai lililomenywa lilimrudisha kwenye ule mto. Ndiyo maana alinipa mgongo nyuma ya jiko.

Na elimu yake haikuzaa matunda matamu kila mahali. Palikuwa na fundi wa baiskeli pale sokoni, mcheshi, mlevi wa kaluvu, ile pombe yetu ya miwa. Macho yalipoanza kumgeuka manjano Mwalimu alimwambia aache pombe na ale mayai ini lipate nguvu. Fundi alilisikia lile la pili tu. Akawa akibeba mayai yaliyochemshwa mpaka kilabuni, akiyapanga mbele yake na kuwaambia walevi wenzake, "Mimi niko na dawa, nyinyi ndio mtakufa." Alikufa tumbo limevimba. Kwenye mazishi Mwalimu alisimama mbali na watu, na tuliporudi akaniambia, "Nilimpa sababu." Kwa kiasi fulani ilikuwa kweli.

Halafu ukaja ule ukame wa themanini na nne, tukala mahindi ya manjano ya msaada. Kuku walikufa, na waliobaki waliacha kutaga. Mbaazi zilikauka na maua yake. Mwalimu aliendelea kufika kliniki kila siku yake, akaketi kwenye benchi pamoja na kina mama, mwavuli magotini. Mama mmoja alimuuliza, "Mwalimu, leo hatufundishwi?" Akajibu, "Niwafundishe nini? Mnajua yote." Baadaye alikwenda mpaka kituo cha utafiti wa mbegu kule Kiboko akarudi na kunde za kuvumilia jua, akazigawa kwa vikombe. Lakini kitu fulani ndani yake kilikuwa kimechoka, na hakikurudi hata mvua iliporudi.

Kusahau kulimwanzia mifukoni. Alileta gauni nilirekebishe, na nilipolikunjua yai likapasuka, limeoza, harufu ikajaa kibanda. Yeye ambaye yai viza lilikuwa haliwezi kumpita! Alilitazama kama kitu cha mtu mwingine. Kisha akaanza kuniita kwa jina la mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tumeshamzika. Akaja kliniki siku isiyo ya kliniki, akalifundisha benchi tupu. Alifika kwenye kolini, akainua mkono juu aonyeshe habari inavyobebwa, na mkono ukabaki hapo juu. Muuguzi ndiye aliyeushusha.

Nilimuuliza daktari mmoja wa Kitui kama ni kwa sababu hakula mayai. Nilimweleza yote, wajumbe na mlango. Akasema la, haiwezi kusemwa hivyo, ugonjwa huo huwapata walao mayai na wasiokula. Ilinibidi nikubali. Ila siku nyingine nikiwa peke yangu kwenye cherehani, nasikia uchungu kama wa kuonewa, kwamba kati ya watu wote ni yeye.

Binti wa kaka yake akaja kumchukua, akaenda kukaa naye Kiboko, ambako mume wa huyo binti alikuwa na kazi. Kuku wake Mwalimu aliniachia mimi.

Ilipita miaka. Mwishoni mwa miaka ya tisini nilisoma gazetini, gazeti la kufungia vitambaa, kwamba sasa wataalamu wamekubali kolini ni kirutubisho ambacho binadamu lazima akipate katika chakula, na wamesema na kiasi chake. Nilisimama na lile gazeti nikicheka peke yangu hadi wateja wakanishangaa. Mumbua wakati huo alikuwa mwalimu, ameolewa, na mimba yake ya kwanza imeshaonekana. Nikamwambia twende tukampe Mwalimu habari zake. Nilichemsha mayai ya uzao wa kuku wake mwenyewe, nikayafunga kwenye kitambaa.

Tulimkuta ameketi sebuleni kwenye kiti cha kamba, amekuwa mdogo, viatu vya kiume vimekuwa vikubwa miguuni. Mpwa wake alimwambia, "Shangazi, wageni wako wa Tawa." Akatusalimu kwa heshima ya kumsalimia mtu wa serikali. Nilimsogelea nikamshika mkono.

"Mwalimu, wamekubali. Kolini. Wamesema ni ya lazima, imeandikwa gazetini."

Alitafuta mahali fulani nyuma ya macho yake. Nilimwona akitafuta. "Kolini," alisema. "Ni mtoto ya nani?"

Nilimwambia ni mtoto wa yule mama wa mbali, na kwamba anaendelea vizuri. Akatikisa kichwa, ameridhika, nami nikayala maneno yangu mengine yote niliyokuja nayo.

Mpwa wake alileta chai, akafungua kitambaa, akamenya yai na kumpa Mumbua. Mumbua alikuwa ameliinua kufikia mdomoni Mwalimu alipoliona tumbo lake. Sikujua kwamba mwili ule ungeweza kuruka hivyo. Alimshika Mumbua kifundo cha mkono kwa mikono yote miwili, yai likaanguka sakafuni.

"Usile!" alisema. "Mama, usile! Atakuwa mkubwa. Atakwama. Mto umejaa, lori haiwezi kupita. Mimi nimeona." Alilisukuma lile yai mbali kwa kiatu. "Nani amekupa? Nani anawaambia watoto za watu wakule hii kitu?"

Nje jua lilikuwa kali, na lori za barabara kuu ya Mombasa zilipita moja baada ya nyingine, zikielekea pande zote. Yote aliyotufundisha yalikuwa yamemtoka, na kilichobaki ni maneno mawili ya mama mkwe wa Nuu. Nililia bila kujificha.

Mumbua alipiga magoti mbele ya kiti. "Sawa, mwaitu," alimwambia, kama tumwitavyo mama. "Sitakula."

"Niapie."

"Sili."

Mwalimu alimwachia mkono taratibu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya kwa miaka yote ya ujirani wetu. Aliweka kiganja kwenye tumbo la Mumbua, akakiacha hapo, akafumba macho. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Baadaye nilichukua kile kitambaa nikamgusa Mumbua bega. "Twende tukachukue moto," nikamwambia. Hadithi hiyo aliijua tangu utotoni. Alinifuata nyuma ya jiko, tukasimama ukutani. Nikammenyea yai jingine, na maganda nikayafukia kwenye majivu. Akatia mdomoni nusu yake, na hapo tukamsikia Mwalimu ndani akiuliza.

"Huyo msichana amekula?"

"Hajakula, shangazi," mpwa wake akajibu.

"Asante Mungu."

Mumbua alisimama na yai mdomoni, machozi yakimtiririka, hawezi kutafuna wala kutema. Nilimpa mgongo nikatazama ua.

"Meza," nikamwambia.